Bodi Imekufa, Mungu Ailaze Pema

Tabata, kuanzia Kimanga hadi Segerea, mashine ya kufulia ikigoma kupasha maji na kuandika kosa la joto kwenye kioo, fundi hutangaza msiba kabla hajashika bisibisi: "Bodi imekufa." Ajabu, marehemu ndiye aliyeandika taarifa hiyo. Bodi iliyokufa kabisa haiandiki kitu. Ila sensa ya joto, kale kajiti kenye nyaya mbili kalikochomekwa karibu na hita chini ya tangi, haiulizwi hata swali moja. Na kuiuliza ni rahisi: chomoa mashine kwenye umeme, vuta plagi ya sensa, pima kwa mita. Nyingi husoma omu elfu kadhaa zikiwa za baridi. Ukizitia kwenye maji ya moto, namba hushuka. Isiposhuka, au mita isiposoma kabisa, badilisha sensa. Watasema umeme wetu hupanda na kushuka, bodi huungua kweli. Huungua, sikatai, lakini hilo nalo hupimwa, halibashiriwi. Wengine watasema Dar ni joto tupu, maji ya moto ya nini? Basi fueni kwa ya baridi, mashine ikikubali, na hizo laki za bodi bakini nazo. Fundi akija bila mita, mpeni chai aende zake.