Josh Gibson na Chupa ya Mama Mkwe

Ugomvi uliovunja chupa ya chai ya mama mkwe ulitoka kwenye kitabu cha maswali ya besiboli, kitabu kuukuu ambacho binti yetu alikinunua sokoni Gakoromone. Hapa kwetu Nkubu hakuna aliyewahi kushika gongo la mchezo huo. Lakini stima ikipotea, watoto hushindania chapati za mwisho kwa chemsha bongo, na maswali ya kandanda walikuwa wameyamaliza kitambo. Mama mkwe alikuwa amefika mchana kutoka Runyenjes na ndizi, maharagwe, na chupa mpya aliyomnunulia mke wangu.

Mwanzo ulikuwa shwari. Hank Aaron alivunja rekodi ya Babe Ruth mwaka gani? 1974. Joe DiMaggio alipata pigo katika mechi ngapi mfululizo mwaka 1941? 56. Kisha kijana wetu, aliyeshika kitabu na tochi, akauliza: nani ana wastani mkubwa kuliko wote wa kupiga mpira?

"Josh Gibson," binti akajibu.

"Ty Cobb," kaka yake akasoma, akavuta sahani.

Binti akaishika sahani upande wa pili. Kitabu kilikuwa kimechapishwa zamani, naye alikuwa na habari mpya. Mei 2024 Ligi Kuu ya Marekani iliingiza katika rekodi zake takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948. Gibson, mwenye 0.372, akamshusha Cobb, mwenye 0.367. Enzi za Gibson mtu mweusi alifungiwa nje ya Ligi Kuu, hata awe hodari namna gani. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huo huo Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Miezi hiyo michache huniuma sana.

Kijana naye alikuwa na hoja. Cobb alisimama kupiga zaidi ya mara 11,000, ilhali za Gibson zilizohesabiwa ni elfu mbili na ushei. Hoja nzito, lakini waliomnyima Gibson hizo elfu nyingine ndio waliokuwa wameshika daftari. Kabla sijalisema hilo, binti alikuwa amechukua mwiko wa ugali aonyeshe Gibson alivyopiga, na kaka yake amemrushia kiazi. Mwiko ulikosa. Kiazi kikapiga chupa juu ya kabati, ikaanguka, kioo cha ndani kikapasuka vipande vipande, na chai ya moto ikatiririka hadi miguuni pa mama mkwe.

"Uui, pole, Mama!" mke wangu akaruka na kitambaa. Mimi nilisimama tu. Mbele ya mama mkwe mtu hafoki, hata kwa watoto wake mwenyewe.

Mama mkwe akainua miguu, akauliza jambo moja tu. "Huyo Gibson walimnyima nini hasa?"

Binti akamweleza. Bibi akanyamaza, kisha akatusimulia habari za baba yake na kahawa. Miaka ya 1930, kahawa ilipokuwa zao la walowezi, serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda miche michache. "Mpaka hapo, kwenye vitabu vyao sisi hatukuwa wakulima wa kahawa," alisema. "Mnadhani udongo wa Embu ulianza kuwa mzuri siku ile waliyotia sahihi? Mpe dada yako chapati."

Akapewa. Bibi akataka swali la mtoto wa Afrika. Binti akamtaja Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu: 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alipata pigo mara ya kwanza aliposimama kupiga. Tena Pittsburgh ndio mji aliokulia Gibson. Akawataja pia watoto wa Uganda, waliofuzu mwaka 2011 kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport wakanyimwa viza, kisha wenzao wa Lugazi wakafuzu 2012 wakaenda.

"Na Mkenya kwenye hiyo Ligi Kuu?"

"Bado, shosho."

Bibi akamgeukia mjukuu wake wa kiume. "Kile kiazi kilipita kwa kasi. Kesho asubuhi nje, mbali na vyombo vya mama yako, unirushie kingine nikuone vizuri. Ukimaliza, tutazungumza habari ya kulipa chupa."