Kwa Heshima ya Kukwama

Huku Ankole, Uganda, kusifu hakuombewi ruhusa. Wahima wana ebyevugo, ambamo mtu husimama mbele ya wenzake akajimwagia sifa kwa pumzi moja, akitaja vita alivyopigana pamoja na vile ambavyo hakubaki shahidi wa kuvikanusha. Na wakishajisifu wenyewe, huwageukia ng'ombe wao, mmoja mmoja, kwa rangi, mwendo na pembe. Ikiwa ng'ombe ana haki hiyo, na mimi naomba uwanja nimsifu mmoja ambaye tangu reli ianze kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hajapata kusikia neno jema: Kukwama kwa garimoshi la kale, likiwa limejaa watalii, katikati ya pori, saa ya chakula cha mchana.

Nasema haya kwa wivu. Mbarara, mji wetu, haijawahi kujaliwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikafika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikaenda mpaka Kasese kuifuata shaba ya Kilembe. Sisi ilitupitia mbali upande wa kaskazini, haikutupigia hata honi. Watu wa Kasese wamefaidi: waliijua treni iliyochelewa, wakaijua treni isiyofika, na tangu miaka ya 1990 wanaijua reli iliyoota majani. Mtu wa Mbarara akitaka kukwama inabidi akwame na basi kwenye barabara ya Masaka, na huko ni kukwama kusiko na adabu. Basi likizima, dereva hajafungua hata boneti, nusu ya abiria wanadai nauli yao, robo wanapungia magari mengine, na waliobaki wanamweleza kondakta habari za ukoo wake. Hakuna anayetoa kamera. Hakuna anayeuliza injini iliundwa mwaka gani na kiwanda gani.

Sasa litazame garimoshi la mvuke likikwama na wapenzi wake wakiwa ndani. Kwanza kimya. Kisha madirisha yote yanashushwa kwa mkupuo, vichwa vinachomoza, na wanaume wa makamo (karibu wote ni wanaume, na wamevaa vizibao vyenye mifuko isiyo na idadi) wanateremka juu ya kokoto kwa furaha ambayo wake zao hawakuiona siku ya harusi. Mmoja anatoa daftari, anaandika saa, dakika, na namba ya kichwa cha treni, ingawa namba hiyo anaijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Wa pili, aliyekuwa mhasibu maisha yake yote, anatangaza kwamba ni injekta. Wa tatu, naye mhasibu mstaafu, anasema si injekta, ni beringi ya ekseli imeshika moto, na harufu yake aliisikia tangu stesheni iliyopita ila alinyamaza asije akakatisha safari. Wanabishana kwa heshima kubwa, wakitajiana majina ya viwanda vya Glasgow na Manchester. Dereva na mchochea moto, ambao ndio wanaojua, hakuna anayewauliza. Ndani ya behewa amebaki mama mmoja na chupa ya chai. Yeye alijua tangu asubuhi, ndiyo maana alikuja na kitabu kinene.

Usidhani hawakasiriki. Wanakasirika sana, ila si pale unapotarajia. Kichwa kikifa hawanuni. Wananuna kinapokuja kichwa cha dizeli kuwavuta. Hapo utaona nyuso zilizokunjamana, kamera zikirudishwa mifukoni, na mtu mzima akigeuka kutazama mlima upande wa pili asishuhudie aibu. Mwokozi amefika na hakuna anayempa mkono.

Sasa nasaba ya msifiwa wetu, maana hakuna sifa bila nasaba. Kukwama anatoka katika ukoo wa heshima. Mama yake ni maji. Ndani ya boila kuna mabomba membamba yanayopitisha moshi wa moto, na maji yanayazunguka pande zote. Maji yakiwa na chokaa na chumvi, huacha ukoko juu ya chuma, chuma kinashindwa kupoa, bomba linapasuka. Wajenzi wa reli yetu walilijua tatizo la maji tangu walipoingia nyika ya Taru, ambako hayakuwapo kabisa na ilibidi yasafirishwe kwa treni ileile iliyoyahitaji. Baba yake ni moto. Shangazi yake ni grisi iliyosahauliwa. Kwa ukoo wa namna hiyo, ajabu si kwamba garimoshi hukwama, ajabu ni kwamba huwa linaondoka stesheni.

Na tabia yake? Mkweli kupita wote. Gari la siku hizi likiharibika linakuwashia kitaa cha rangi ya chungwa, basi, halina zaidi la kukwambia. Mpaka ulipeleke kwa kijana mwenye kompyuta aliulize yeye. Kichwa cha mvuke hakifichi. Kinavuja ukiona, kinagonga ukisikia, kinanuka ukinusa. Hata kifo chake kimepangiwa tangazo. Juu ya tanuri kuna kizibo chenye kiini cha risasi; maji yakipungua mno kizibo hukosa cha kukipoza, risasi inayeyuka, na mvuke unashuka kwa kishindo kuufokea moto, ili kila aliye ndani ya kibanda cha dereva ajue uzembe ni wa nani. Injekta nayo, ile inayosukuma maji baridi boilani kwa nguvu ya mvuke, ikipata joto hususa. Fundi haagizi vipuri kutoka Ulaya: anachukua tambara lililolowa, anaifunga, anasubiri, pengine anaigonga kidogo na spana, inarudi kazini. Nani ameona ndege ikibembelezwa na tambara?

Waingereza, ambao ndio walioanzisha ugonjwa huu wa kuyapenda magarimoshi, wametoa ushahidi usiopingika. Mwaka 1990 kundi lao liliamua kujenga upya kichwa cha aina ambayo vichwa vyake vyote vilikuwa vimekatwakatwa kuwa chuma chakavu. Walichangishana kwa hesabu ya bei ya glasi ya bia kwa wiki, ikawachukua miaka kumi na minane, na mwaka 2008 kikawaka, wakakiita Tornado. Tarehe 14 Aprili 2018 kilitoka London kuelekea York, kikiwa na ruhusa ya kubeba abiria kwa kilomita 145 kwa saa, mwendo ambao garimoshi la mvuke halikuwa limeruhusiwa huko kwa miongo mingi. Kilifika karibu na mji mdogo wa Sandy, mitambo ya valvu ikakatika, na hapo ndipo safari ya kihistoria ikageuka kuwa ya kihistoria kweli. Kama kingefika York salama, nani leo angeutaja Sandy? Mji mzima umeingia kwenye kumbukumbu za reli kwa sababu ya kipande cha chuma kilichochoka.

Kichwa hichohicho, Desemba 2009, theluji ilipozizima treni za umeme kusini mashariki mwa Uingereza, kilikuwa kinapita zake na mabehewa ya watalii, kikawabeba abiria wapatao mia waliokwama. Maadui wa Kukwama hupenda hadithi hii. Mimi pia naipenda, kwa sababu inaonyesha kuwa hata mashujaa huazima utukufu wao kwa kukwama kwa wengine.

Kwetu Afrika Mashariki makumbusho ya reli yako Nairobi, yalifunguliwa mwaka 1971, na humo kimelala Mount Gelai, namba 5918, cha daraja la 59. Vichwa thelathini na vinne vya daraja hilo viliundwa na Beyer Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252, vizito kuliko vyote vya mvuke vilivyopata kutembea juu ya reli ya mita moja. Vikapewa majina ya milima. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara: mlima ukisimama hakuna anayeuliza kwa nini.

Mabingwa wa kweli, hata hivyo, wako Eritrea. Reli ya Massawa hadi Asmara, kilomita 118, inapanda kutoka baharini mpaka zaidi ya mita 2,300. Waitaliano waliifikisha Asmara mwaka 1911. Vita viliila, vyuma vyake vikang'olewa kujengea mahandaki. Baada ya uhuru serikali iliwaita wazee wastaafu wa reli, wengine wa miaka sabini na zaidi, wakavikusanya vyuma kimoja kimoja, na mwaka 2003 treni ikafika tena Asmara. Tangu hapo watalii hutoka Ulaya, hukodi treni nzima, na sikiliza wanachokilipia: kusimama. Treni inasimamishwa juu ya daraja, wote wanashuka na kamera, treni inarudi nyuma, inakuja tena ikitoa moshi mwingi, inasimama, wanapanda. Mbele kidogo, hivyohivyo. Hawa wamevuka hatua ya kuvumilia Kukwama. Wamemweka kwenye ratiba.

Nitaambiwa: na Ryall je? Ndiyo, najua. Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alilala katika behewa lililoegeshwa pembeni ya reli pale Kima, akimvizia simba aliyekuwa akila watu, na simba akaingia behewani akamtoa yeye. Behewa lenyewe lipo Nairobi, nenda kaliangalie. Lakini tuwe waadilifu katika mashtaka. Behewa lile halikuharibika. Liliegeshwa pale kwa makusudi, na watu wenye mpango. Ukichunguza misiba mikubwa ya reli hii utakuta mpango mahali fulani. Kukwama hajawahi kuwa na mpango wowote, na mikono yake ni safi.

Nimebakiza Nakivale. Kambi hiyo ya Isingiro, isiyo mbali na mji wetu, ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, kwa muda tu, kama ilivyosemwa, na muda huo bado haujaisha. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, hata Waeritrea ambao reli ile ya Massawa ni ya nchi yao. Kiswahili ndicho kinachowauzia nyanya sokoni. Miongoni mwa Wakongo utakuta waliotokea jimbo lao la Tanganyika, upande wa Kalemie na Nyunzu, kwenye reli iliyofika ziwani mwaka 1915, na hao wana elimu ya Kukwama ambayo yule mwenye daftari na kizibao hataipata kwa bei yoyote. Uliza tu habari ya treni ya kwao, utajibiwa kwa upole: "Ile treni, papa, haikuwa inaharibika. Ilikuwa inalala."

Inalala siku, inalala wiki. Mama anashusha sufuria chini ya behewa, kuni zinatafutwa, bugali inapikwa kati ya mataruma. Wa kijiji cha karibu wanaleta samaki na mafuta ya mawese, bei inapanda kila jioni. Aliyepanda akiwa mchuuzi anateremka akiwa mdaiwa, na wapo waliopanda wakiwa hawajuani wakateremka wachumba. Hakuna aliyeandika dakika. Wala hakuna aliyeuliza kama ni injekta, maana ukijua ni injekta utafanya nini?

Unaona basi jinsi Kukwama asivyobagua. Mgeni wa Asmara anamlipia kwa fedha za kigeni apewe nusu saa. Abiria wa Nyunzu alipewa wiki mbili za bure, pamoja na nafasi juu ya paa. Tofauti ndogo ni kwamba mgeni ana tiketi ya kurudi mfukoni, na ni rahisi sana kuipenda treni iliyosimama ukiwa na tiketi ya kurudi. Lakini hilo tusilitie uzito, hii ni hotuba ya sifa.

Sasa habari zimetufikia kwamba Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ijenge reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ya treni za umeme. Na mipango ya baadaye inataja matawi ya kuja huku magharibi, mpaka Mirama Hills kwenye mpaka wa Rwanda. Umeme! Treni ya umeme ikikwama haivuji, haigongi, hainuki. Inakaa tu kimya milango imefungwa, sauti iliyorekodiwa ikiomba radhi kwa lugha tatu. Baada ya kusubiri zaidi ya karne moja, hii ndiyo tunayoletewa.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wahandisi, mapema, kabla hawajapigilia mambo. Watuachie angalau siku moja kwa mwaka ya kukwama kwa heshima, kichwa cha mvuke kiazimwe Nairobi kama kitawaka, na kiharibikie Sanga, kando ya mbuga ya Mburo, ambako punda milia watasogea kutazama na maziwa ya Kiruhura hayako mbali. Nauli isirudishwe, itaharibu ladha. Na kama abiria watahitaji mtu wa kuwafundisha namna ya kukaa mahali ambapo hukukusudia kukaa, walimu wako tele Nakivale, wengine wana uzoefu wa miaka ishirini, na hakuna ofisi iliyowahi kuwaomba wasifu wao wa kazi.