Kiyoyozi cha Bwana Mkubwa

Bwana mkubwa! Tulikuona pale Voi mjini. Gari lilikuwa limeota jua tangu asubuhi, nawe ukaingia, ukafunga vioo vyote, ukawasha kiyoyozi hadi mwisho. Tanuri hupozwa hivyo? Sisi tuliozoea matatu, ambao kiyoyozi chetu ni dirisha lisilofungika, hufungua milango kwanza joto litoke. Lakini sisi ni nani?

Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani hukukigusa. Labda ulidhani ni pambo. Ndicho kinachozuia hewa ya nje na vumbi lake, mashine ikapoza tena ile iliyokwisha kupoa. Ndovu wa Tsavo hujipaka vumbi jekundu bure. Wewe unalivuta kwa petroli.

Ukapita Mwatate, ukashika kona za kupanda Wundanyi, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Ukungu, baridi, na pumzi za abiria wanne. Hapo sasa ndipo ulipokumbuka kitufe! Ukakibonyeza, na kiyoyozi ukakizima, eti kuna baridi. Kioo cha mbele kikawa cheupe kama shuka, ukawa unakipangusa kwa tai. Kiyoyozi hukausha hewa, bwana. Kiwashe pamoja na hita, uruhusu hewa ya nje, hakitakasirika.

Mama muuza ndizi alikuona ukiendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Akakupungia mkono, akidhani unamsalimia.