Ofa Haihusu Vitabu vya Shule

“Shikamoo, baba. Hii ni ya mtoto wa kidato cha ngapi?”

Binti wa kaunta aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. Angeniuliza kwa jeuri ningejua la kumjibu. Ilikuwa Jumamosi mchana, foleni imefika hadi kwenye rafu ya vitabu vya mapishi, katika duka la vitabu hapa Dar es Salaam ambalo silitaji jina kwa sababu bado natamani kurudi. Mkono mmoja nimeshika *Vuta n’kuvute* ya Adam Shafi. Nakala yangu ya zamani aliiazima shemeji, na kitabu kikishaazimwa na shemeji huwa kimepata ukaazi wa kudumu kwake. Mkono wa pili nina kadi ya mteja, imejaa mihuri mpaka kona ya mwisho. Nunua vitabu tisa, cha kumi bure. Nilikuja kuchukua cha kumi changu.

“Marahaba. Si ya mtoto,” nikasema. “Ni yangu.”

Akanitazama mimi, akakitazama kitabu, akazitazama mvi. Kisha uso ukamchangamka.

“Aaa, unajiendeleza! Hongera sana, baba. Elimu haina mwisho.”

Mama mmoja nyuma yangu, aliyebeba madaftari na mkebe wa hesabu, akadakia kwamba hata mjomba wake alirudia mtihani akiwa na wajukuu, na safari hii alifaulu. Watu kadhaa wakanipongeza. Nikajikuta nashukuru.

Binti akapitisha kitabu kwenye mashine. Mashine ikalia. Akaisoma skrini, akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

“Samahani, baba. Kompyuta inasema ni kitabu cha shule. Ofa haihusu vitabu vya shule.”

Hapa sina budi kusimama nieleze habari ya kadi hizi, maana asiyezielewa ataniona mlalamishi wa bure. Kadi yangu ina visanduku kumi na kimoja. Siku niliyopewa, viwili vilikuwa vimeshagongwa mhuri, “zawadi ya kukukaribisha”, na mimi nikatoka pale nikijiona mtu mwenye bahati. Hesabu ya darasa la pili ingetosha kunionyesha kwamba kumi na kimoja kutoa viwili ni tisa, na kwamba kadi ya visanduku tisa visivyo na mhuri wowote ingekuwa ofa ileile. Lakini moyo hauhesabu hivyo, na kuna watu waliokwenda kuupima.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa mambo ya biashara, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya mahali pa kuoshea magari huko Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi ya mihuri minane, tupu: osha gari mara nane, uoshewe mara moja bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri kumi, ila miwili imeshagongwa. Kila mmoja ilimpasa aoshe mara nane zilezile. Waliopewa kadi tupu, asilimia 19 walifika mwisho. Waliopewa ile yenye mihuri miwili ya bure, asilimia 34. Wino kidogo tu, usiogharimu chochote, ukakaribia kuongeza maradufu idadi ya watu wanaorudi! Nilipoisoma habari hii nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mfuko aliofichia saa mchezaji wa kiinimacho, kisha nikakumbuka kwamba saa iliyoibwa ni yangu.

Na haiishii hapo. Huko nyuma, katika miaka ya 1930, mwanasaikolojia Clark Hull aliwaachia panya wakimbie kwenye njia yenye chakula upande wa mwisho, akaona kwamba kadiri panya anavyokikaribia chakula ndivyo anavyoongeza mbio. Mwaka uleule wa 2006 kundi jingine la watafiti likaonyesha kwamba wanywaji wa kahawa wenye kadi za mihuri hufanya vivyo hivyo: kikombe cha kwanza na cha pili huachana siku nyingi, lakini karibu na cha bure mtu huwahi kurudi. Ndiyo maana nina kitabu cha ufugaji wa nyuki. Naishi ghorofa ya tatu. Ndiyo maana nina pia mwongozo wa kujiandaa kustaafu, nilioununua nikiwa na haraka, na kitabu cha sudoku kilichokwisha kujazwa kurasa za mwanzo na mtu nisiyemjua, mwenye mwandiko mzuri.

Kwa hiyo pale kaunta sikuwa mzee anayebishania bei ya kitabu. Nilikuwa panya aliyefika mwisho wa njia akaambiwa chakula kile ni cha maonyesho.

“Lakini hii ni riwaya,” nikasema.

“Ndiyo, riwaya teule.”

“Imetungwa watu waisome.”

“Wanaisoma, baba. Kidato cha tano na cha sita.”

Kijana mmoja katikati ya foleni akashusha vipokea sauti masikioni. Nilidhani anakuja kunitetea. “Mzee, hiyo tulifanyia mtihani. Usipoteze hela yako, nikupe noti.” Na bila kusubiri niseme nazitaka au sizitaki, akaanza, macho ameyainua darini kama wanavyofanya waliokariri. Mhusika mkuu, Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa nguvu kwa mwanamume mzee, Raza. Denge, mpigania uhuru. Mandhari, Zanzibar wakati wa ukoloni. Dhamira: ndoa za kulazimishwa, ubaguzi wa rangi, mapenzi, harakati za ukombozi. Mbinu za kisanaa: tashbiha, takriri, methali. Ujumbe: umoja ni nguvu. Akafika mpaka mwisho wa kitabu, akauteremsha mwisho wote kwa sentensi mbili, na yule mama wa madaftari akasema, “Kumbe!”

Nilikuwa na swali moja tu. “Uliipenda?”

Akanishangaa, kama nimemuuliza iwapo aliipenda ratiba ya treni.

“Nilipata B,” akasema.

Nikalipa taslimu, bei kamili.

Nyumbani nikakaa mezani na kitabu nikakigeuza upande wa nyuma, penye ile mistari myeusi iliyonisaliti, nikaamua kujua imeandikwa nini hasa. Jioni yote ikaishia hapo. Namba ya kitabu, ile wanayoiita ISBN, siku hizi ina tarakimu kumi na tatu. Hadi mwisho wa 2006 zilikuwa kumi, na ya mwisho mara nyingine ilikuwa herufi X, kusimamia kumi, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya alama moja tu. Kuanzia Januari 2007 zikaongezwa tatu mbele, 978, na hizo tatu zina hadithi yake. Mistari ya bidhaa za dukani, ya sabuni na maziwa ya kopo, huanza na tarakimu zinazotaja nchi ilikosajiliwa bidhaa. Vitabu vinachapwa kila pembe ya dunia, basi wenye mfumo wakavibunia nchi yao, haina ardhi wala bendera, wakaiita Bookland, na 978 ndiyo ikawa namba yake. Kila kitabu unachokiona dukani, kwa sheria ya mashine, ni raia wa nchi isiyokuwepo. Hili lilinifariji zaidi ya inavyostahili.

Baada ya hapo zinafuata tarakimu za mahali au lugha. Tanzania tunazo 9976 na 9987, Kenya wana 9966, Uganda 9970. Ukizizoea utakitambua kitabu cha nyumbani hata kimegeuzwa mgongo. Kisha namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na mwisho kabisa tarakimu moja ya mlinzi. Mlinzi huyu kazi yake ni kukamata makosa: chukua tarakimu ya kwanza izidishe kwa moja, ya pili kwa tatu, ya tatu kwa moja, ya nne kwa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, jumlisha, na jawabu lazima ligawanyike kwa kumi bila baki. Mtu akikosea tarakimu moja tu, yoyote ile, jumla inakataa. Nimeshavijaribu vitabu vyote vya sebuleni, na kile cha nyuki kikiwemo. Vyote vimefaulu. Mke wangu aliuliza mara moja tu ninafanya nini, akaenda kulala.

Nilichokuwa nakitafuta sikukiona. Nchi ya kubuni imo, Tanzania imo, mchapishaji yumo, mlinzi yumo. Neno “shule” halimo. Hakuna tarakimu yake. Maana yake ni kwamba katika ofisi ya nyuma ya duka lile, kuna mtu wa damu na nyama aliyeshika *Vuta n’kuvute*, akaona imeandikwa kwa Kiswahili, akabonyeza “kiada”.

Na siwezi kumlaumu, hapo ndipo kicheko kinaponikauka. Ana sababu zake. Duka dogo linaponea Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wanapokuja na orodha. Riwaya ya Kiswahili iliyomo kwenye orodha inauzika, isiyokuwemo inakaa rafuni mpaka jalada linafifia. Kwa miaka mingi *Takadini*, *Watoto wa Mama N’tilie* na *Joka la Mdimu* vimenunuliwa kwa pamoja, kama dozi, na mzazi anayevinunua hata hafungui ukurasa. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaja kuwekwa kwenye orodha hizo hizo, na sijui ni adhabu ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa kubwa zaidi. *Vuta n’kuvute* yenyewe Amil Shivji aliifanyia filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Toronto iliingia. Kwenye kadi yangu haikuingia.

Meza ya mbele ya duka lile ni nzuri, nawasifu. Kila kitabu kina kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono na mfanyakazi: “Nililia ukurasa wa mwisho”, “Usikisome usiku”. Nimeshanunua vitabu kwa ajili ya vikaratasi hivyo tu. Lakini vitabu vyote vya meza ile ni vya Kiingereza, na vikaratasi navyo, ukiondoa kimoja, ni vya Kiingereza. Pale mbele ipo *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, kikaratasi kinasema mshindi wa Nobel 2021, mtoto wa Zanzibar. Nikauliza ilipo *Peponi*, kitabu kilekile katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nikaelekezwa nyuma, pita feni, shika kulia, baada ya pasti pepa. Kitabu kinachosimulia pwani yetu na safari za wafanyabiashara wetu kuelekea bara kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, kikangoja hadi 2022 ndipo kikasemeshwa Kiswahili, miaka 28, na kilipofika kikapangwa jirani na mitihani ya hesabu. Hakina kikaratasi. Hakuna aliyelia ukurasa wa mwisho. Au aliyelia hakuona sababu ya kumwandikia mteja, kwa kuwa mteja wa rafu ile hachagui, anatumwa.

Niliporudi dukani nilimweleza meneja haya yote, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Alinisikiliza, mtu mwema. Akakubali. Akaingia kwenye kompyuta mbele yangu, akaihamisha *Vuta n’kuvute* kutoka “kiada” kwenda “riwaya”, akanionyesha skrini nihakikishe. Bei ikapanda papo hapo. Vitabu vya shule, akanieleza, vina bei yake, na riwaya zina bei yake.

Ofa nyingine nazipitia haraka. Kile kitabu cha kubahatisha, kinachouzwa kimefungwa karatasi ya kaki usijue kilichomo, changu kilikuwa cha nyuki, toleo lilelile. Ujumbe wa simu wa kunitakia heri ya kuzaliwa na punguzo la siku moja ulikuja saa kumi alfajiri, siku aliyozaliwa shemeji. Mfuko wa bure wa nguo ulitolewa kwa wateja ishirini wa kwanza, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa mlinzi wa duka, amevua sare.

Iliyobaki ni ya juzi. Meneja, labda kwa kunionea huruma, alinitumia ujumbe yeye mwenyewe: Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, punguzo kwa vitabu vyote vya Kiswahili, vya shule na visivyo vya shule, kwa siku hiyo moja tu. UNESCO waliipitisha siku hiyo mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake, na tarehe haikuokotwa: ni 7 Julai 1954 ndipo TANU ilipozaliwa, chama kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru. Niliandika orodha. Nikachukua mifuko miwili. Nikapanda daladala mapema, nikafurahi kuona barabara nyeupe.

Geti la duka lilikuwa na kufuli. Mlinzi yuleyule, safari hii kavaa sare, alikuwa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai.

“Leo Sabasaba, mzee. Sikukuu. Tumefunga. Njoo kesho.”

“Kesho ofa itakuwa imekwisha.”

Akafikiri kwa makini, akapuliza chai.

“Basi ungekuja jana,” akasema.