Gavana Aliyekwenda Kupanda Milima

Juni 2009, Mark Sanford, gavana wa jimbo la South Carolina huko Marekani, alitoweka siku kadhaa. Mkewe hajui aliko, naibu wake hajui, na Siku ya Akina Baba ikapita watoto wakiwa hawana baba wa kumpongeza. Ofisi yake ikasema mheshimiwa anatembea kwa miguu katika milima ya Appalachia. Kumbe miguu hiyo ilikuwa Buenos Aires, Argentina, kwa hawara.

Najua mtaniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa, kunguni wabaki na mwenyewe. Lakini kimbunga kingepiga pwani ya jimbo wiki ile, nani angetoa amri? Wapanda milima? Na safari ya kikazi ya 2008 iliyompitisha kwa huyo bibi ililipiwa na walipa kodi. Alirudisha pesa baada ya kufumaniwa. Toba ya mwizi aliyeshikwa na kuku.

Tena ni yuleyule aliyepiga kura mwaka 1998 akiwa mbunge, Rais Bill Clinton ashtakiwe kwa uongo uliozaliwa na mambo hayohayo. Dhambi ya jirani, bwana, huonekana bila miwani.

Wapiga kura walimwadhibu vipi? Mwaka 2013 walimrudisha bungeni. Chama chake kilikuja kumtema katika kura za mchujo za 2018, na safari hii kosa kubwa halikuwa hawara: alikuwa amemkosoa Donald Trump.