Ukoo Bila Shangazi

Vijana wa siku hizi wanachagua ukoo kama wanavyochagua bando la simu: wanaangalia kuna nini ndani, linadumu muda gani, kisha hao, wameshanunua. Mababu hawaulizwi.

Nasema ukoo wa mchezoni, na mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Mnazunguka meza, mmoja anasimulia mlichokutana nacho gizani, wengine mnasema mtafanya nini, na dadu ya pande 20 inaamua kama mmefaulu au mmeumbuka. Msimulizi wetu ni mpwa wangu. Huyu akipiga simu kuomba nauli huanza na “Shikamoo Mjomba” ya kuvuta hadi mwisho wa mtaa, lakini akishakaa nyuma ya kiwambo chake cha makaratasi ananiambia, “Mjomba, hiyo hairuhusiwi.” Kwenye meza ya dada yangu! Niliyochangia mimi kuinunua!

Na kabla hujaua hata panya, lazima uumbe mhusika. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kina koo 10 na kazi 12, na kila kazi ina matawi manne. Nimepiga hesabu: njia 480, na hapo hujachagua mhusika wako alikuwa anajishughulisha na nini zamani, ambako kuna mambo mengine 16. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu huko Marekani, kazi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi alikuja mwaka uliofuata, kama ilivyo desturi ya wezi kusubiri watu walale. Hata toleo rahisi la 1981 lilikuwa na huruma: ukisema wewe ni dwafu, yule mfupi mwenye ndevu wa chini ya milima, basi umemaliza, udwafu ndiyo kazi yako. Watu wakaondoka na kwenda kupigana na majoka.

Sasa tazama meza yetu. Binti wa jirani ni elfi. Elfi huishi miaka 750 hivi, na halali usingizi. Anatulia kama anayetafakari kwa saa nne, basi amepumzika. Huyu wake ana miaka 120 na yuko daraja la kwanza. Nikauliza, miaka yote hiyo, bila kulala, alikuwa anafanya nini? Kwetu mtu akifika arobaini hajaeleweka anaitiwa kikao. Nikaambiwa ni desturi ya maelfi, nisiingilie.

Anayemfuata kwa kukaa ni tiflingi, mwenye pembe na mkia kwa sababu huko nyuma kwenye damu yake kuna shetani. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kati ya kazi zote amechagua ile ya kuweka mkataba na kiumbe mwenye nguvu ili akupe uchawi. Wachawi kwenye kitabu hiki wako wa aina tatu hasa: aliyesoma, aliyerithi, na aliyekopa. Kijana amekopa, tena kwa jini. Anatangaza kwa sauti, anachekelea, dirisha liko wazi. Mimi mama yangu ni mtu wa Tanga. Nikasogeza kiti.

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba wote ni yatima. Mpiganaji, kijiji chake kilichomwa moto. Mwizi aliokotwa jalalani. Elfi wa miaka 120, baba na mama wameuawa na joka lile lile. Unamuuliza mtu ukoo wake, anakutajia anaona gizani futi 60. Futi 60 ni ukoo? Shangazi yako nani? Nani alikutoa jando? Ukioa, barua itapelekwa na nani? Hakuna! Wamechukua faida za ukoo, michango wamewaachia marehemu.

Afadhali hicho kitabu cha 2024 kimerekebisha jambo moja. Katika toleo la 2014 nguvu za mwili na akili ziliongezwa kwa kuangalia ukoo. Sasa zinatoka kwenye ulichokuwa unafanya kabla ya safari. Ukiwa mkulima unaweza kuongeza nguvu, ustahimilivu au busara. Hapo nimekubali. Mgongo haujengwi na babu, unajengwa na jembe.

Kwa hiyo nimechagua dwafu, aliyekuwa mkulima, kazi yake kasisi. Ukasisi sikuuomba sana. Kila kundi linahitaji wa kuwatibu wenzake, vijana wote wakawa wanatazama dari, na mtu mzima ni mmoja. Dwafu ni mgumu kudhurika kwa sumu, jambo la maana kwa anayekula ugenini, na anaishi miaka 350 hivi. Upande wa nyuma wa karatasi nikaandika ndugu zake: wazazi wote hai, kaka watatu, binamu wa kutosha, na shangazi mkubwa ambaye ndiye mweka hazina wa ukoo.

Mpwa wangu akasoma, akakuna kichwa. “Mjomba, hawa wote wa nini?”

“Wa kunizika.”

Akapitisha. Wenzake wakacheka mpaka tulipofika kwenye kununua silaha. Mpiganaji alikuwa anaitaka deraya ya chuma, ile inayofunika mwili mzima. Bei yake vipande 1,500 vya dhahabu. Akahesabu vyake, akarudia kuhesabu, akanigeukia kwa adabu ambayo sikuwa nimeiona tangu mchezo uanze.

“Shikamoo Mjomba. Eti shangazi yako anakopesha?”

Nikamwambia anakopesha bila shida, ila mkopaji aje na mdhamini kutoka kwenye ukoo wake.