Kasuku wa Mpofi

Mvua ilinyesha Mpofi usiku kucha, na kulipopambazuka mlima ulikuwa umehamia bondeni. Maharage ya Mama Kanga yalifukiwa yakiwa bado na maua. Mihogo ya Nungunungu ilionekana mtoni, inasafiri kwenda Walikale bila nauli. Mzee Kobe, aliyepoteza migomba yake kwa ule mnyauko ulioingia Masisi mwaka 2001, alikuwa amekimbilia viazi. Navyo vikaenda.

Mwami Chui akatangaza msaada: vikapu 325 vya mbegu. Hesabu hiyo hakuiokota njiani. Aliisikia redioni tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, akaupenda mlio wake. Ngoma zikalia hadi Nyabiondo: mia tatu ishirini na tano!

Karani Fungo akaandika orodha, akaitia sandukuni, akafunga kufuli, akakalia sanduku.

"Majina ni siri," alisema. "Tunalinda heshima ya walioathirika."

Ugawaji ulifanyika usiku. Asubuhi ghala lilikuwa limefagiliwa. Kobe alipouliza, akaambiwa, "Ngoja, mzee, utaitwa."

Lakini kwenye paa la ofisi alikuwa akilala Kasuku, na Fungo alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti anapohesabu. Siku ya soko, Kasuku akatua juu ya mti, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Fungo pamoja na kikohozi chake:

"Popo, hekta 3 za maharage, vikapu 40. Khm! Shemeji Fungo, bwawa la samaki, vikapu 60. Khm! Mjomba wa Mwami, ng'ombe waliozama, vikapu 224. Khm! Kobe, viazi, kikapu 1. Amepokea, ametia dole gumba."

Soko likazizima. Popo analima wapi, yeye anayening'inia pangoni? Na tangu lini chui akafuga ng'ombe? Kobe akainua mguu wake, akautazama kwa makini, akawaonyesha majirani. Kucha tu. Dole gumba hakuna.

"Ndege huyu ni mchochezi!" Fungo akafoka. "Anatunga!"

"Papa karani," Kobe akajibu, "kasuku hatungi. Hurudia."

Kisha akamgeukia Chui. "Mwami, mahakama ile uliyoisikia haikutaja jumla tu. Ilitaja na mafungu: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Sisi tulipewa ngoma. Tope langu kila mtu aliliona, hakuna aliyenifunika kwa kulinda heshima yangu. Mbona mbegu zangu ndizo ziwe siri?"

Mwami akatafakari kwa muda unaofaa, akatoa hukumu: Kasuku afungwe mdomo kwa kosa la kufichua siri ya ofisi. Akafungwa kwa kamba ya mgomba, mbele ya wote.

Siku ya soko iliyofuata, watoto wa Mpofi walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu miruko: Popo 40, khm, Shemeji 60, khm. Kikohozi ndicho kilichowachekesha zaidi.

Enyi mnaogawa misaada, bandikeni orodha kwenye mti wa soko: jina, shamba, kiasi. Msipoibandika, itaimbwa.